Prosesa Mapajani mwa Lusungu

Watu wa Matema walimjua Asheri kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Tangu alipokuwa na miaka ishirini, vijiji vilipocheza mpira kwenye mchanga wa ufukwe wa ziwa, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti na kutangaza kwa Kinyakyusa. Kila mchezaji alimbandika jina la utani, na aliyefunga goli alisifiwa pamoja na mama yake na shamba alikolelewa. Baadaye ligi ile ya vijiji ikafa. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na minne, ana mke, watoto wawili na kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Ndipo akaanza kucheza gemu la mpira kwenye kompyuta ndogo iliyochakaa, akijirusha mubashara mtandaoni kila Jumamosi jioni na kutangaza kwa lugha ile ile.

Watu wakamfuata. Walikuwepo vijana wa Kyela walioko migodini Afrika Kusini. Walikuwepo Wangonde wa Karonga, upande wa Malawi, ambao wanayaelewa maneno yake bila shida. Mzee Ambilikile wa Makwale, ambaye macho yamefifia, aliwekewa simu karibu na sikio akasikiliza mpaka mwisho.

Tatizo likawa kompyuta yenyewe. Kucheza iliweza, kurusha iliweza, lakini yote mawili kwa pamoja iliyashindwa. Gemu likinoga picha inaganda na sauti inakatikakatika. Watazamaji walimvumilia, wakamshauri, halafu wakaanza kupungua. Asheri akaamua kujiundia kompyuta mpya, kipande kimoja kimoja. Karibu vyote alivipata kwa Wilson, fundi wa Mbugani. Kikabaki kipande kimoja, nacho ndicho kigumu kuliko vyote: prosesa, ubongo wa mashine nzima.

Alichagua kwa miezi minne. Pale mapokezi, wageni wakishakwenda kuogelea, aliangalia video za wajuzi, na kila mjuzi alimpinga aliyemtangulia. Aliandika majina, akayafuta, akayaandika tena. Mke wake, Keziya, alisema hata yeye hakuchaguliwa kwa muda mrefu namna ile. Mwishoni Wilson alimkalisha akamweleza kwa lugha nyepesi. Prosesa ina viini, mithili ya wafanyakazi ndani ya karakana. Vikiwa vingi, vingine vinashughulikia gemu na vingine vinarusha matangazo.

"Ila wewe huna kadi ya picha," Wilson akasema, "na kwa fedha yako kadi hiyo hutaipata leo wala mwakani. Kwa hiyo chukua prosesa yenye picha humo humo ndani. Isiyo na picha, hata iwe na nguvu kiasi gani, kioo kitabaki cheusi."

Asheri akaichagua moja: viini sita, picha ndani. Akaandika jina la prosesa hiyo kwenye karatasi, akampa Lusungu.

Lusungu alikuwa binamu yake wa kike, mfanyabiashara anayepeleka vitenge Karonga na kufuata mzigo Kariakoo kila mwezi. Alikuwa mtu wa watu, na kipindi cha Asheri alikitangaza kuliko mwenyewe. Safari hii aliwaahidi wateja wake wa Karonga kwamba Jumamosi wataona picha safi, haigandi.

Alhamisi alasiri alipiga simu akiwa dukani Kariakoo. Matema mvua ilikuwa inashuka kutoka milimani, na Asheri alisimama chini ya baraza huku ameziba sikio moja. Lusungu akaeleza kwamba ile ya kwenye karatasi imekwisha. Muuzaji anayo nyingine, mpya zaidi, na kwa bei ile ile. Nyuma yake muuzaji alisikika akiharakisha, kwani alikuwa anafunga duka.

"Kaka, hii ina viini vinane," Lusungu akasema. "Anasema kwa kucheza na kurusha hakuna kama hii. Nichukue?"

Miezi minne yote ilimtoka kichwani. Akabaki na neno moja tu, nane, ambalo hakuwahi kulitegemea kwa fedha yake.

"Chukua," akasema. "Chukua hiyo ya nane."

Simu ikakatika. Ilikuwa imepita kama dakika moja alipokumbuka kwamba hakuuliza kuhusu picha. Akapiga, haikuita. Radi ilikuwa imeuzima mnara, na Matema nzima ilikuwa haina mtandao. Akalowa mpaka kwa jirani mwenye laini nyingine, nayo ilikuwa imekufa vile vile. Jioni hiyo alitembea kati ya mlango na dirisha, na Keziya alipomuuliza ana nini, alijibu kwamba anawaza mambo ya kazini.

Mtandao ulirudi kesho yake mchana. Lusungu alipokea simu akiwa ndani ya basi, wameshaipita Iringa. Asheri akamwomba amsomee maandishi ya kwenye boksi. Akasoma jina, namba, halafu herufi ya mwisho. Asheri aliijua herufi ile. Kwenye video zote maana yake ilikuwa moja: haina picha ndani.

"Sikuiweka kwenye buti, mizigo ingeiponda," Lusungu aliendelea. "Nimeipakata tangu stendi ya Mbezi, hata chooni nimekwenda nayo. Ni yenyewe, eti?"

Asheri aliangalia ziwa. Basi halingegeuka. Duka lilikuwa nyuma yao, mbali.

"Ni yenyewe," akasema, kisha akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, dada."

Jumamosi asubuhi Lusungu alifika Matema mwenyewe kwa bodaboda, miguu imevimba kwa safari, boksi bado liko mkononi. Alikataa chai mpaka aione mashine ikiwaka. Asheri alifungua boksi polepole, akaweka prosesa mahali pake, akafunga feni. Moyoni aliomba awe ameikosea ile herufi. Akawasha. Feni ikazunguka, taa ndogo ya bluu ikawaka, Lusungu akapiga makofi. Kioo kilibaki cheusi.

Walisubiri. Akazima, akawasha tena, akabadilisha waya ambao alijua hauna kosa.

"Labda inajipanga," Lusungu akasema.

Hapo Asheri akashindwa kuendelea. Akamweleza yote, kuanzia ile dakika moja baada ya simu kukatika. Lusungu alikaa kwenye stuli, akaliangalia boksi lililofunguliwa. Alijua maduka yale. Kilichofunguliwa hakirudi.

"Jana kwenye simu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakumkaripia. Alisema tu kwamba watu wa Karonga wameshapanga kukusanyika jioni kwa dada yake wa huko, na kwamba hajui awaambie nini. Keziya akaleta chai, wakainywa.

Saa kumi na mbili jioni Asheri aliwasha ile kompyuta ndogo ya zamani. Watazamaji waliingia wengi kuliko siku zote, Lusungu akawa anamsomea majina yao. Dakika ya ishirini picha iliganda, mpira ukiwa hewani mbele ya goli. Asheri aliendelea kutangaza, akamtaja mshambuliaji, mama yake na shamba alikolelewa, bila kujua kama kuna yeyote upande wa pili anayemsikia.