Vifungo Sita vya Koti la Babu

Kiangazi cha mwaka huu nilirudi Likasi kumtembelea mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, naye akaniwekea mezani sahani ya bati iliyojaa vifungo vichafu. Nilidhani ananitania. Mtu ametoka Lubumbashi na hamu yake ya bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa Tshangalele, halafu anapewa vifungo! Kumbe bwana huyu alikuwa amenunua ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma kilichofukiwa, akaizungusha katika kambi ya zamani ya wafanyakazi kule Shituru, akitumaini kupata mabaki ya shaba. Shaba ilimkwepa. Alipata misumari, vifuniko vya chupa, na mzigo huu.

"Yaya, weye unajuaka hii mambo," akasema, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake. "Angalia kama ni ya zamani."

Najua kweli, rafiki yangu, na sikujifunza shuleni. Nilivisugua kwa majivu na ndimu, nikavigeuza kimoja kimoja. Chenye mashimo manne, chepesi, ni cha ovaroli za juzijuzi, wakati wa baba zetu. Chenye herufi zinazozunguka mgongoni kililetwa na meli kutoka Ulaya. Kisicho na herufi hata moja, kitanzi chake kimeunganishwa kwa risasi ya kulehemu, hicho ndicho kikongwe kuliko vyote. Nilikuwa nikitamba kama profesa mpaka nilipofikia vifungo sita vilivyogandamana kwa ukoko wa kijani. Vilikuwa vya shaba ya njano, vyenye nyota. Vitano vilifanana. Cha sita kilikuwa kidogo, na kitanzi chake kilikuwa waya wa shaba nyekundu, umepindwa kwa mkono.

Nikamuuliza alivitoa wapi. Akasema nyuma ya nyumba ya kambo, yaani bibi yetu, palipokuwa na banda la kuku. Nilikaa chini, na bukari ikapoa mbele yangu.

Aliyenifundisha kusoma vifungo alikuwa jirani yetu, mshonaji, ambaye watoto wote tulimwita Mama Fundi. Mlango wake ulitazamana na wa kambo, aliyenilea. Cherehani yake ilianza kulia kabla ya king'ora cha asubuhi, na moshi wa kiwanda ulipotukwaruza koo alitukorogea munkoyo mtamu, kinywaji cha mahindi. Kazi yangu ilikuwa kukata vifungo vya nguo kuukuu na kuvipanga katika makopo ya maziwa. "Kifungo habasomake uso," alikuwa akisema. "Banasomaka mugongo." Yeye na kambo walikuwa chanda na pete. Sombe ya huku, yaani kisamvu, ilivuka uwanja kwenda kule, na kapenta za kule, dagaa wakavu, zikarudi kwa bakuli lilelile.

Kambini petu mfanyakazi akifa, mjane alikata vifungo vya koti lake la kazi kabla ya maziko, kwa sababu, walisema, kule anakokwenda hakuna zamu. Kila mtoto wa marehemu akioa au kuolewa, kifungo kimoja kilishonwa ndani ya nguo yake ya harusi, upande wa moyo, ili baba naye ahudhurie. Vya babu vilikuwa sita, navyo kambo alivitunza ndani ya kitambaa.

Siku moja walinzi wa kiwanda walikuja kupekua nyumba kwa nyumba, wakitafuta vipande vya shaba vilivyoibwa. Kambo akaniambia, "Mutoto, ficha kila kintu kinangaa!" Nikafukia vijiko na kufuli karibu na jiko, na vifungo vya babu nikavitoa kitambaani, nikavifukia nyuma ya banda la kuku. Walinzi walipoondoka, kambo aliulizia vijiko na kufuli tu. Nikasema moyoni kwamba vifungo nitavifukua kesho. Kesho yake nilicheza. Mvua zikaanza, banda likahamishwa, na mahali penyewe pakanipotea.

Miezi ikapita, mama mdogo akachumbiwa, kambo akafungua kitambaa na kukikuta kitupu. Nani huingia nyumbani? Mama Fundi. Nani anajua thamani ya vifungo? Mama Fundi. Kambo alimfuata kwenye robine, bomba la maji la kambi, saa ya kuchota, akamwita mwizi wa marehemu mbele ya kambi nzima. Nami nilikuwa pale na ndoo yangu. Niliogopa fimbo, nikanyamaza. Wateja wakamkimbia, cherehani ikawa kimya, na mama mdogo akaolewa bila baba yake. Aibu hiyo nimeibeba mpaka mvi zikanikuta nayo.

Mama Fundi bado yu hai, anaishi na binti yake, mtaa wa pili kutoka kambini. Siku ileile nilimwekea vifungo mkononi.

"Mama, haukukuwa mwizi," nikasema. "Ni miye nilibifukia. Nilikuwa najua, nilinyamaza."

Macho yake hayaoni vizuri tena. Alivigeuza, akapitisha ukucha mgongoni mwa kila kimoja, akasimama kwenye cha sita. "Hii, babu yako alipinda waya yeye mwenyewe. Miye njo nilishona." Kisha akauliza, "Kambo yako alijua?"

"Alikufa bila kujua."

Mama Fundi akafumba kiganja. "Alikuwa rafiki yangu," akasema. "Siku ya kilio yake sikuenda. Nilisikia bantu banaimba, nikafunga mulango." Nililia, rafiki yangu, na yeye hakunibembeleza. Akafuta vifungo kwa kitenge chake. "Alinitukana kwa robine, bantu yote banasikia. Weye pia, enda useme kwa robine."

Asubuhi tukaenda, ameshika mkono wangu. Robine ya zamani imebaki bomba lililokatwa, na pembeni yake kuna tangi la maji ya kisima. Wanawake walikuwa kwenye foleni na bidoni zao za maji za njano, wapangaji wapya, wauza mahindi, wake wa wachimbaji. Nikapaza sauti, nikaeleza yote, nikataja jina la kambo na kosa langu. Walinisikiliza kwa adabu kama wanavyomsikiliza mhubiri wa barabarani. Mmoja akasema, "Amina." Mwingine akasogeza bidoni yake mbele.

Mama Fundi alikuwa akigeuza uso huku na huku. "Iko nani wa zamani?" akaninong'oneza. Nikatazama foleni yote. Majirani waliomsikia akiitwa mwizi wako makaburini, au wamehamia Kolwezi na Lubumbashi, na wachache hawajulikani walipo. Nyumba zimebaki, zimepakwa rangi nyingine. Nilikuwa nimechelewa, na hakuna wa kumlaumu ila mimi.

"Hakuna, Mama," nikamwambia. "Hata moja."

Akaukaza mkono wangu. "Basi sema tena," akasema. "Pole pole."

Nikasema tena, neno kwa neno, safari hii nikimtazama yeye.