Nyuso Katika Kuni za Melkiori

Umepita pale. Usikatae. Umepita nyuma ya soko la Kariakoo na kikapu chako, ukaona nyuso zimeegemea ukuta, ukageuza shingo kana kwamba umeitwa upande wa pili.

Jua la saa nne linawaka. Melkiori, mpasua kuni, anasimamisha gogo la mkoko na kulipiga shoka, linaachana katikati. Anachukua nusu moja, anaichonga kwa shoka lilelile: paji, pua, mdomo unaokaribia kucheka. Mgongo anauacha ulivyo. Nusu ya pili nayo anaitoa uso uleule.

"Mimi napasua tu," anasema bila kuinua kichwa. "Wao ndio wanatoka."

Alifundishwa na Tokuji, seremala wa meli ya Kijapani aliyeshushwa bandarini na homa yake, meli ikaondoka. Melkiori alimuuguza chumbani kwake, Mtaa wa Msimbazi. Alipopata nguvu, mgonjwa alimsimulia habari za Enku, mtawa wa kwao wa zamani sana, aliyetembea kwa miguu milimani akichonga sanamu kwa shoka, kwa mti wowote aliookota, na kuwaachia maskini. Wagonjwa walilala nazo. Watoto walizielesha mtoni wakicheza, na hakuna aliyewakemea. Uzeeni mtawa aliacha kula, akajilaza kando ya mto mpaka akafa. Zikabaki nyuso zake, zinatabasamu.

"Tokuji aliniuliza, kwenu nani anawachongea waliokufa?" Melkiori anakumbuka.

Angejibu nini? Hapo anapopasulia kuni ndipo ilipokuwa kambi ya wapagazi, wakati wa vita vya Mwingereza na Mjerumani. Naye alikuwamo, kisahani cha bati chenye namba shingoni. Wenzake walibeba risasi na unga wa wakubwa, wakafa njiani kwa njaa na kuhara, wakaachwa vichakani. Kariakoo yenyewe ni jina la kikosi chao cha wapagazi, la Kiingereza lililogeuzwa na ndimi zetu, nawe unalitamka kila siku ukiulizia bei ya nyanya.

Tokuji alipata meli, akaenda zake. Nyuso zikaanza kutoka.

Girish, mwenye duka la mkabala, alizoea kumtania kwamba ameacha kuuza kuni, sasa anauza wajomba. Mpaka siku Kijakazi, muuza vitumbua wa mtaa wa Gerezani, alipokuja kutafuta kuni, akaokota uso mmoja na kukaa chini mavumbini. Kope la kushoto lilikuwa limepasuka. Lilikuwa kope la kaka yake, Muhiddin, aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi. Melkiori hakuwahi kumwona mtu huyo. Shoka liliteleza tu.

Kijakazi akampakata, akaenda naye nyumbani bila kulipa, maana kuni huuzwa, nyuso haziuzwi. Nusu ya pili ikabaki uani. Ndiyo desturi ya Melkiori: mmoja huenda na ndugu zake, pacha hubaki kambini.

Mwezi uliopita walinzi wa soko walikuwa wakichoma taka. Wakazoa kuni zilizokuwa karibu, na pacha wa Muhiddin akiwamo. Moto haujafifia, Kijakazi akatokea peku, unga mikononi. Hakuna aliyekuwa amemwita.

"Kaka Melkiori, nani anamchoma mwenzake?" aliuliza polepole. "Huyu wangu nimemtia kwenye mtungi wa maji. Bado anafuka."

Girish alikwenda Gerezani kujionea, na kicheko chake mdomoni. Aliporudi alifunga duka, na tangu siku hiyo hatanii.

Sasa msimamizi wa soko ametoa amri: ua usafishwe ifikapo Ijumaa, na "kuni zote zenye pua" zitiwe moto. Wengi walioko ukutani hawajapata wa kuwatambua. Nanyi mlio na pacha majumbani, mmeshasikia yaliyompata Kijakazi.

Melkiori ameamua kuvunja desturi yake. Atakayemjua wake atapewa nusu zote mbili.

"Sitaki wawekwe kwenye jumba la makumbusho la wakubwa," anasema. "Nataka kila mmoja aitwe jina lake, angalau mara moja, na mtu wa kwao. Sisi tuliitwa namba."

Basi usingoje Ijumaa. Nenda leo, kabla jua halijatua. Chutama mbele ya ukuta ule, watazame mmoja mmoja, na ukimjua mtaje kwa sauti, kisha mbebe. Na kama humjui hata mmoja, usiharakishe kuondoka. Huenda yupo anayekujua wewe.