Siku Niliyowapikia Wakristo Kiberiti

Nitawaambia, lakini mcheke polepole, maana mpaka leo nikipita Kiminini navuta kofia hadi puani. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, nimetoka chuo kikuu na shahada yangu ya kilimo nimeibeba kama yai, na Mama Naliaka, mjane mwenye nyumba ya plastiki ya kukuzia mawaridi, akanichukua kwa majaribio (jina langu hakulitumia, aliniita Digrii): maua yakipona ule ugonjwa wa majani kuonekana yamepakwa unga, kazi ni yangu, yasipopona, narudi kwa baba Bumula nikaeleze kusoma kote kule kulikuwa kwa nini.

Dawa niliijua. Ni salfa, ile ya njano, ambayo kwa Kiswahili pia inaitwa kiberiti (jina moja na hiki cha kuwashia jiko), lakini huiwashi. Unaiweka kwenye kikopo chenye waya wa stima chini yake, inapata joto taratibu, inayeyuka, inatoa mvuke, unafunga nyumba unaenda zako. Ikishika moto inageuka moshi wa kuua mimea na kukaba watu. Hayo niliyaandika kwenye mtihani na nikapita.

Sasa Jumapili hiyo jioni nimefunga kila kitu, furaha imenijaa, stima ikapotea. Mtu wa kawaida angeenda nyumbani. Mimi nikaanza: je, Mama kesho akikuta unga umeongezeka? Je, akidhani mimi ni mvivu? Nikafikiria upepo, nikafikiria unene wa kikopo, nikafikiria majivu ya kufunika makaa ili joto lisizidi, halafu nikaleta jiko. Kitu kimoja tu sikufikiria, kwamba nyuma ya ile plastiki, kwenye uwanja wa Mama huyo huyo, kulikuwa na mkutano wa injili, na mhubiri alikuwa amefika kwenye ziwa la moto na kiberiti.

Salfa ikayeyuka ikawa kama asali, hata nikajipongeza kwa sauti. Halafu cheche ikaruka. Mwali wa buluu ukasimama, na mimi, badala ya kufunika, nikapiga kikopo teke (sijui ni somo gani lilinifundisha hilo), nikajikwaa kwenye mfuko wa salfa, unga wake ukanimwagikia uso mzima, pumzi ikakata, nikapasua plastiki ya nyuma nikatoka, moshi ukinifuata.

Nilitokea mbele ya waumini nikiwa wa njano, machozi yakitiririka, nikikohoa kama trekta. Harufu ilikuwa imenitangulia. Kina mama walikuwa wamepiga magoti, viti vimeanguka, na Mzee Wekesa, jirani wa Mama, akapanda juu ya benchi akilia.

"Naliaka, dada yangu, ule mpaka ni mimi nirisogeza. Miti niring'oa nikapanda ndani kwako. Nisamehe kabla huyu hajanifikia."

Huyu alikuwa mimi. Nikasimama nikipima: nikinyamaza, Mama amepata shamba lake na mimi nimekuwa muujiza, nikisema, kazi imekwisha. Lakini ndani mawaridi yalikuwa yanakufa.

"Samahani, ni mimi Digrii," nikasema. "Ni dawa ya maua imeungua. Nisaidieni kufungua plastiki."

Mmoja akacheka, wakacheka wote, hata mhubiri, isipokuwa Mzee Wekesa, ambaye alishuka kwenye benchi akijipangusa suruali.

"Kumbe ni huyu? Basi bana, yale maneno nimerudisha."

"Hurudishi, mzee," Mama akamwambia. "Hawa wote wamesikia, na Mungu alikuwa hapa."

Tulifungua pande zote, lakini asubuhi majani yalikuwa meupe kuliko ule unga wenyewe (ugonjwa ulikufa kweli, na mawaridi pia). Mama alinizungusha mstari kwa mstari, nami kichwani nilishafunga sanduku. Mwishowe akaniambia nichukue kamba niende kwa Mzee Wekesa tukarudishe miti ya mpaka, na nikimaliza nichimbe mashimo ya mawaridi mapya hukohuko, nje, kwenye hewa.

"Kazi unayo," akasema. "Lakini ndani ya plastiki usiingie na kitu cha moto, hata chai."

Basi tangu siku hiyo chai yangu naiacha mlangoni ipoe, na stima ikipotea, jamani, mimi naenda kulala. Unga uongezeke ukitaka.