Mika Alivyodai Jina Lake Stesheni ya Granville

Haya niliyaona mwenyewe, akili zangu timamu, nimetoka kusali. Ukitaka kucheka, cheka. Mjukuu wangu alishakutangulia.

Mimi ni mtu wa Morogoro, katekista mstaafu. Siku hizi naishi ng'ambo, mji wa Blacktown, kwa binti yangu Neema, muuguzi, na namshukuru Mungu kwa yote, hata kwa baridi yao ya Julai. Lakini kisa chenyewe kilianzia nyumbani, ujanani, kwenye karakana ya useremala karibu na kambi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa mmoja wao. Tulimwita Mika. Penseli haikutoka nyuma ya sikio lake la kushoto, na alipokuwa akiranda mbao za mninga alipiga mluzi wimbo mmoja tu, asubuhi hadi jioni. Mimi niliishika nyundo kwa woga, naye akanibatiza Mtoto wa Padri. Mpaka leo nikisikia harufu ya mninga najiona nimesimama pale, maranda yamenifika vifundoni, milima ya Uluguru iko dirishani.

Jioni moja gari jeupe lilisimama nje, wanaume wawili wakamwita kwa Kiingereza. Akanikabidhi randa, akaniambia nimalizie ubao. Asubuhi alikutwa kando ya mto, amepigwa risasi. Nilikwenda polisi nikaeleza sura zao na gari lao. Wakaandika, wakaniambia niende nyumbani, na hakuna aliyeniita tena. Makaburu walikuwa na mkono mrefu siku zile, nani asiyejua? Tukamzika chini ya msalaba ulioandikwa Mika, basi. Wenzake walihamishwa, uhuru wa kwao ukaja, mashujaa wakatajwa mmoja mmoja. Yeye hakutajwa.

Nimekuwa nikimtaja mimi, kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Huku tunasali Misa ya Kiswahili Granville, na Mama Beatrisi, Mkongomani anayesoma majina, humsoma kila marehemu pamoja na mzazi wake. Akifika kwa Mika hunitazama juu ya miwani. Nje ya kanisa ananiuliza lile lile: "Mzee, huyu Mika yako ni mutoto ya nani? Hana hata famille?" Watu wanacheka, nami nacheka nao. Nilichopewa mimi ni Mika, basi.

Mwaka juzi, baada ya Misa hiyo, nilikaa peke yangu kwenye benchi la stesheni nikingoja treni ya Blacktown. Jua la Novemba huku huchelewa kuzama, mwanga ulikuwa bado upo. Nikasikia harufu ya mninga uliorandwa sasa hivi. Mninga, Granville? Kisha mluzi. Niamini, nilitaka kugeuka, shingo ikakataa.

Alikuwa amekaa kando yangu, kijana vile vile, penseli sikioni, maranda kwenye mikono ya shati. Mimi kichwa chote mvi, yeye hana hata moja.

"Mtoto wa Padri," akasema, "bado unaogopa nyundo?"

Nikafanya ishara ya msalaba. Hakutoweka. Aliinamisha kichwa, akasema amina, na hapo woga ukanitoka.

"Mnamwombea Mika," akaendelea. "Mika ni jina la kazi, nilipewa nilipovuka mpaka. Mama yangu amekufa akimngoja Zolile."

"Zolile mtoto wa nani?" Nilijikuta nauliza kama Mama Beatrisi.

"Wa Nosisa, wa kwetu Cala. Waambie nimelala wapi. Na lile gari, usichoke kulisema."

Treni ikaingia, taa zikanipiga machoni. Nilipotazama tena, benchi lilikuwa tupu.

Mjukuu alinijibu kwa Kiingereza chake kwamba Babu alisinzia. Neema hakubisha wala hakuamini. Alimweleza dada mmoja wa Afrika Kusini anayefanya naye zamu, yule dada akawapigia watu wa kwao, na makanisa ya Cala yakatangaza. Siku moja simu ikaja. Alikuwa bibi kizee, mdogo wake Zolile. Dada yule alikaa tayari kututafsiria, lakini bibi hakutaka maneno. Alipiga mluzi. Wimbo ule ule, ila aliukata katikati, akangoja.

Nikaumalizia.

Upande wa pili vilio vikalipuka. Kumbe nyumba ilikuwa imejaa watu.

Leo kaburi la Morogoro lina msalaba wa mninga wenye jina alilopewa na mama yake. Familia imeomba mahakama ya kwao ichunguze upya kifo chake, nami nimetoa ushahidi kwa video: gari jeupe, zile sura mbili. Hakuna aliyeshtakiwa bado. Kila akinipigia, wakili wao huanza kwa kuuliza afya yangu, maana shahidi aliyebaki ni mimi. Aliniomba pia nisiitaje stesheni mbele ya hakimu. Sikuitaja. Ndiyo maana naisema hapa.

Nawe unayenisoma, ukimwombea marehemu, uliza kwanza ni mtoto wa nani. Waliomuua fundi wangu walitegemea kwamba tutaridhika na Mika. Na ikitokea umekaa stesheni ukasikia harufu ya kwenu usiyoitarajia, usiinuke haraka. Treni nyingine itakuja. Mimi tangu siku ile, pale Granville, ya kwanza huiacha ipite.