Kocha Aliyemvua Mchezaji Wake Kofia

Saa tisa kasoro mchana, Jumamosi, Delmar Sedlak amemshika mchezaji wake mashavuni na kumtazama machoni. Upepo wa Novemba unapasua midomo katika uwanja huu wa chuo kidogo, Nebraska. Robo ya tatu ya mchezo inaelekea ukingoni.

Tanner Vavra, mwenye kilo mia na thelathini, ametoka kugongana vichwa na mpinzani. Hajaulizwa kitu, lakini anajibu: leo Jumamosi, tunaongoza ishirini na moja kwa kumi na saba.

"Sijakuuliza hayo," anasema Sedlak. "Juzi Alhamisi mke wangu Arlys alipika nini?"

Tanner anafikiri. "Kuku, Kocha."

Ilikuwa nyama ya nguruwe na kabichi chachu. Tanner alikula sahani tatu.

Sedlak anamvua kofia ngumu na kuondoka nayo. Katika futiboli ya Kimarekani, asiye na kofia haingii uwanjani.

Sedlak ana miaka 64. Kwa miaka 35 amewafundisha wazuiaji, wale wanene wa mbele wanaomkinga mrusha mpira na ambao hakuna anayewapiga picha. Mara tatu ukocha mkuu umempita. Analipwa dola 46,000 kwa mwaka, na ndani ya hizo anafyeka nyasi za uwanja na kufundisha kuogelea.

"Kuogelea kwenyewe sijui sana," anasema. "Ila maelekezo natoa mazuri."

Kila Alhamisi wazuiaji hula nyumbani kwake, na mkewe, Arlys, ndiye mpishi. Watu huuona ule kuwa ukarimu. Nusu yake ni mtihani.

Mwaka 1994, mchezaji aliyegongwa kichwa aliulizwa mambo matatu: siku, matokeo, na jina la wapinzani. Timu zote ziliuliza hayo hayo. Sedlak akawakaririsha vijana wake majibu ili warudi uwanjani haraka. Rusty Kolar aliyajibu yote matatu, akarudi, akagongwa tena. Chuo hakumaliza. Leo yuko kwenye ghala la nafaka la kaka yake, na majina ya wateja huyaandika kiganjani.

"Rusty hakudanganya," anasema Sedlak. "Alijibu nilivyomfundisha. Mwongo nilikuwa mimi."

Kofia ya Tanner aliipandisha mpaka jukwaani, akaiweka mapajani mwa Joleen Vavra, mama mzazi wa kijana. Joleen anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Kwa miaka minne hakuwahi kupata ruhusa Jumamosi. Hii ndiyo ilikuwa ya kwanza, na ndiyo mechi ya mwisho ya mwanawe hapa nyumbani.

"Nimeendesha gari kwa saa tano nije nimwone amekaa kwenye benchi?"

"Ndiyo, mama."

"Kukaa angekaa kwangu, Kocha. Makochi yapo."

Sedlak alimsimulia habari za Kolar kwa kifupi, akashuka.

Tanner alikuja kwenye uzio mara mbili kudai kofia yake. Mara ya kwanza alibembeleza, na mama nusura ampe. Mara ya pili alimwuliza amefika saa ngapi. Walikuwa wamekumbatiana pale pale kabla ya mechi.

Joleen akaiweka kofia chini na kuikalia.

Walifungwa ishirini na nne kwa ishirini na moja, na adui alipita pale pale alipokuwa akisimama Tanner. Muuguzi wa timu, aliyekuwa akishughulikia goti la mwingine, alimpima baadaye na kumzuia asicheze tena msimu huu. Tanner hajazungumza na kocha wake tangu siku hiyo. Mama yake amempigia simu Sedlak mara moja, kusema kijana analala vizuri.

Mwakani ni msimu wa mwisho wa Sedlak. Amekiomba chuo, baada ya hapo, kimruhusu asimame pembeni ya uwanja bila mshahara na bila koti la timu, kazi yake iwe kutazama macho ya wachezaji tu. Chuo hakijajibu. Arlys anasema mumewe hataweza kufunga mdomo hata robo moja.

Sedlak anasema atajifunza, kwa sababu kazi hiyo haimfai mtu anayetaka kushinda.

"Miaka thelathini na mitano," anasema, "na bado nilimtazama Tanner nikatamani nisimwulize."