Kabla ya Kwenda kwa Madiwani, Piteni kwa Kungwi

Nakumbuka siku niliyosutwa mbele ya kijiji kizima cha Kiranjeranje, mwanangu Rukia, na hadi leo namwombea dua aliyenisuta. Nimeona kwenye simu ya mjomba wako ulivyowarushia maneno watu wa halmashauri kwa kutojenga vyumba vya wasichana kujistiri shuleni. Asasi yenu hapo Mitwero bado changa, na tayari inagombana na kila mwenye kiti. Nimejivuna, sikufichi. Nimewaonyesha majirani: huyu mjukuu wangu, mdomo kautoa kwangu. Halafu nikaguna. Hebu kaa nikusimulie.

Nilikuwa mama kijana, shule yangu imeishia darasa la nne. Mdogo wangu Mwanahawa, bibi yako huyo, alikuwa darasa la saba na mwalimu alimtegemea. Sasa kwetu mavuno yakishaingia ndani, ngoma ya unyago hulia, wasichana wakawekwa ndani wafundwe. Mtihani wa darasa la saba nao huangukia humo humo. Mwaka uliotangulia wasichana walikuwa unyagoni siku ya mtihani, madawati yao matupu. Mwaka ule ilikuwa zamu ya Mwanahawa.

Sisi akina mama tulikuwa na kikundi, kimesajiliwa, kina mhuri. Ule mhuri ulitulevya. Tukapanda lori hadi Kilwa Masoko, tukaiomba halmashauri itunge sheria ndogo: unyago uchezwe likizo ya Desemba tu, na atakayekiuka atozwe faini. Tukapokewa vizuri, tukanyweshwa soda, tukarudi tunaimba.

Rasimu ilipoletwa kijijini watu watoe maoni, akasimama Bi Tabia, kungwi mkuu, yule aliyenifunda mimi mwenyewe. Nilivyoona anavyonikazia macho, nikawahi:

“Shikamoo, Bi Tabia.”

“Marahaba, mheshimiwa.” Watu wakacheka. “Saada, kwa wakubwa umefika kwa lori. Kwangu, ambako moshi wa jiko lako unaingia dirishani, umeshindwa kufika? Desemba watu wanapanda, ghala hazina kitu. Hao wageni wa ngoma utawapikia mhuri?”

“Ugali wa mhuri!” akapiga kelele mzee mmoja nyuma, na mkutano ukavunjika mbavu.

Nikafungua kinywa nijibu. Bi Tabia akanyoosha mkono.

“Sijamaliza. Unadhani mimi nafurahi mtoto akikosa mtihani? Uliniuliza lini?”

Hapo nikakaa chini. Kwa mila yetu, ukiwa na neno na kungwi unamfuata kwake na kuku, unakaa mkekani, unasubiri aanze yeye. Sisi tulimpelekea faini.

Asubuhi yake tulikwenda na jogoo. Alituacha pale mkekani mpaka jua likatuchoma visogo, ndipo akatoka.

“Haya. Mnataka nini hasa?”

“Mwanahawa afanye mtihani,” nikasema.

“Basi semeni hivyo! Darasa la saba waingie wakishamaliza mtihani. Wadogo waingie likizo ya katikati ya mwaka, tuwafunde kwa ufupi. Na hiyo faini itoeni. Mkimtisha mtu, atamficha binti yake porini na hamtamwona.”

Tukalibeba neno lake kama lilivyo. Tukaongea na walimu, tukaongea na shehe, kisha Bi Tabia mwenyewe akaenda nasi kwenye kamati ya kata. Diwani akainamisha uso.

“Bi Tabia, mambo ya unyago sisi wanaume hatuyasikilizi.”

“Ya ndani yatabaki ndani, baba. Leo nimeleta kalenda tu.”

Sheria yenyewe ilisota. Mara kikao kimeahirishwa, mara karatasi haijafika. Kama Mwanahawa angeingoja, angeozea unyagoni. Lakini Bi Tabia hakungoja mtu. Mwaka ule ule alisogeza ngoma, na asubuhi ya mtihani alisimama mlangoni pa shule na kanga zake mpya, anawaangalia wasichana wakiingia, na anayechelewa anamfokea. Hakuna dawati lililokaa tupu. Ngoma ikalia walipomaliza, Mwanahawa akaingia ndani kwa furaha, hana la kujutia. Sheria ikapita baadaye, ikawakuta watu wameshaanza kuifuata. Vijiji vingine havikuwa na habari nayo, na ilibidi tuzunguke tena, kungwi kwa kungwi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Hivyo vyumba mnavyovitaka ni haki, wala msirudi nyuma. Ila acheni kuanzia juu. Kaeni kwanza na wasichana wenyewe, na mama zao, na walimu wakuu, waulizeni, msiwaambie. Yule mnayemwona kikwazo mfuateni kwake kabla hamjamtaja hadharani. Jueni bajeti inapangwa lini, muwahi mapema vijijini na kwenye kata, siyo mje kulia imeshapita. Afisa akikataa, mwombeni awaeleze kinachomkwamisha. Pengine naye amebanwa, anatafuta watu wa kumsemea. Mgombea akija na fulana zake, mpeni maji ya kunywa na mumrudishie fulana, maana leo atawavalisha yeye na kesho mwenziwe atawafungia mlango. Mkishapewa ahadi, rudini muulize. Na mkishajengewa, nendeni mkaangalie kama mlango unafungika na maji yapo.

Hasira yako usiitupe, itakufaa siku wakikudharau. Lakini siyo kila siku, Rukia, utachosha watu.

Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya wakubwa na akujaalie usiwasahau wadogo. Akupe ulimi mtamu na uti wa mgongo mgumu, na msichana yeyote wa Lindi asikose somo kwa sababu ya mwili aliopewa na Mola wake. Amina.