Tope Lililoitwa Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kitalu cha miche karibu na Kiganjo, Msimamizi wa Kitalu alinikabidhi kamba na vigingi. "Mstari ukipinda, unarudia yote," alisema. Haukupinda. Kwa miaka nilipanda misonobari kwenye miteremko ya mlima, na nikaamini kwamba ardhi isiyo na mti ni uvivu wa mtu fulani.

Kisha nikahamishiwa pwani kutunza mikoko, ile miti inayosimama ndani ya maji ya chumvi. Afisa Misitu wa Wilaya, mtu wa Kerugoya, alinionyesha uwanja wa tope ulioachwa wazi maji yalipokupwa.

"Ona hii mahali, iko tupu! Kwetu mtu anaweza acha shamba hivi kweli? Panda yote kabla wakubwa wa Nairobi wafike."

Bi Mwanaisha, wa kijiji cha hapo ufukweni, alikuwa hapo na wenzake wakiokota kombe za kitoweo topeni. Akainuka, akajifuta mikono.

"Bwana misitu, hapa si patupu, hapa ndipo jikoni kwetu. Mkoko wapajua pake, kule juu. Ungelipataka hapa, ungeliota kabla wewe hujazaliwa."

Nilimjibu kwa maneno ya kitabu, tukapanda. Najionea haya hadi leo. Hata askari wa msitu tuliwatoa doria waje kushika kamba, na huku nyuma wakata boriti wakaingia kwenye mikoko mikubwa wakajichotea. Ikaja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, ikang'oa mistari yangu yote iliyonyooka. Kombe nazo tulikuwa tumezikanyaga zikaisha.

Msimu wa dhoruba bahari ilipita palipokatwa, ikaingia nyumbani kwa Bi Mwanaisha na kuharibu kisima chake kwa chumvi. Upande uliobaki na mikoko, hata kuku hawakulowa. Kamba wa baharini na samaki wadogo waliokulia kwenye mizizi ile walipungua pia, na wavuvi wakaacha kunisalimu. Afisa aliandika kwamba miche yote ilipandwa. Ni kweli, ilipandwa!

Sasa nimestaafu, niko kwetu Kiriaini, nalima kahawa yangu. Juzi Mwalimu Wanjiku, mwenyekiti wa vijana kanisani, alikuja amejaa furaha, akaniita babu kwa Kikikuyu chetu.

"Guka, tumepata mahali huko pwani, iko empty kabisa. Tunaenda kupanda mikoko. Utatuongoza?"

"Mmeuliza nani anaokota nini hapo?"

"Lakini Guka, tisheti ziko tayari."

Nilifoka mpaka mke wangu akatoka jikoni. Hasira yenyewe, nusu nilijikasirikia mimi mwenyewe. Nilipomaliza nikasema nitakwenda nao, ila siku ya kwanza hakuna kugusa mche. Maji yakipwa tutasimama kando, tuone ni nani anashuka topeni na ndoo, kisha tumwamkie na tumuulize.

Wanjiku aliandika yote. Halafu akauliza, "Na kamba ya kunyoosha mistari, tubebe yako?"

Nikamwonyesha ilipo. Nimemfungia mbuzi.